Njia Tatu za Sauti Moja

Kwa Bi Sifuri wiki ilikuwa na siku moja tu, Ijumaa. Siku nyingine zote zilikuwa ngazi za kuipandia. Ijumaa alasiri simu iliyokaa juu ya kabati la vyombo ilikuwa ikilia, naye akiiweka kwenye spika ili wasikie wote wawili, yeye na mama mkwe wake, wameketi magoti kwa magoti kama wanafunzi wa dawati moja. Kisha mumewe alisema "Haloo" kutoka kituo cha hali ya hewa kilichokuwa juu mlimani, mwendo wa siku nzima kwa gari la mizigo tangu lami inapokoma. Neno lenyewe lilifika limechoka, kama mtu aliyepanda kwa miguu.

Jina la Bi Sifuri alipewa kazini, katika kampuni ya mawasiliano alikokuwa mhandisi, kwa sababu kila alipoeleza kazi yake alianzia kwenye sifuri. Mama mkwe hakulipenda. "Mtu mzima unaitwa kitu kisichokuwa kitu," alisema. Yeye alimwita mwanangu siku za amani, na mke wa mwanangu siku zile nyingine. Alikuwa amehamia pale tangu kijana wake apande mlimani, eti mke asikae peke yake. Lakini ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake asimpende yule mtu kuliko yeye.

Sauti ndiyo iliyomwoa Bi Sifuri. Enzi hizo alikuwa mwanagenzi, na kila asubuhi mpimaji mmoja wa hali ya hewa alipiga simu ofisini kwao kusoma vipimo: joto, unyevu, upepo. Alisoma polepole, kwa sauti ya chini yenye tabasamu ndani yake. Siku moja, baada ya upepo, akaongeza, "Na wewe je, leo umeamkaje?" Binti alikuwa ameshaanza kulipiga chapa swali lile kabla hajashtuka kwamba halikuwa kipimo. Walioana kabla hata ya kuzoeana sura.

Mumewe alipopanda mlimani alisema ni mwaka mmoja. Mwaka ukazaa wa pili, na wa pili ukawa unauita wa tatu. Barua zake, zilizoshuka na gari la mizigo mara chache, zilikuwa fupi kama risiti: mimi mzima, baridi ipo, salamu kwa mama, mengine tutaongea kwenye simu. Na kwenye simu ndiko kulikokuwa hakuna cha kuongea, maana sauti ilikuja imetobokatoboka kama chujio. Wakimaliza, wanawake wale wawili walibaki wakigombania makombo.

"Amesema amepata koti," alisema mama mkwe.

"Mimi nimesikia homa, mama."

"Koti. Mwenye homa hasemi kwa raha namna ile."

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, sauti ilikuja vibaya kuliko kawaida, kisha kelele zikaachia kidogo wakasikia: "...tarudi mwezi wa sita... ningoje..." Simu ikakatika.

Mama mkwe aliweka kiganja kifuani. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Atarudi mwezi wa sita. Tumngoje." Akainuka pale pale, akaenda kuvua mapazia ya chumbani ayafue, ingawa mwezi wa sita ulikuwa bado uko ng'ambo ya mvua zote. Wiki ile alimwita seremala akaze kitanda, na wiki iliyofuata alikuwa anapaka rangi fremu ya dirisha kwa mkono wake mwenyewe, amejifunga kitambaa kichwani, anaimba. Bi Sifuri alimcheka moyoni. Lakini yeye naye alikuwa ameanza kulala upande mmoja wa kitanda, upande wake, akiuacha ule mwingine umetandikwa.

*

Kazini kulikuwa na ombi kutoka idara ya hali ya hewa ambalo hakuna aliyelitaka, naye alikuwa ameling'ang'ania tangu mwaka uliotangulia. Kituo cha mlimani kilikuwa na njia tatu za kuongea na bonde, na zote zilikuwa na kasoro. Ya kwanza ni redio ya minara, nzuri kama mwanga, ila mvua ikinyesha inapotea. Ya pili ni setilaiti, ambayo barafu ikiganda kwenye dishi inabaki kunong'ona. Ya tatu ni waya wa shaba wa zamani, uliofuata nguzo za umeme, unaobeba kila mngurumo wa kila mashine njiani. Vipimo vilipitishwa njia moja, na ikifa vinahamishiwa nyingine, na katikati ya kuhama vinapotea. Simu za Ijumaa zilipewa upenyo uliobaki.

Bi Sifuri alikuwa mtaalamu wa misimbo ya polar, yaani ya ncha mbili. Mama mkwe alipomuuliza kisa cha jina hilo, alimweleza hivi: unachukua nafasi nyingi za kupitishia ujumbe, zote za wastani, zote zina kelele kidogo. Unazichanganya kwa hesabu fulani. Zikitoka huko hazibaki za wastani tena: nyingine zimekuwa safi kabisa, nyingine zimeoza kabisa. Maneno yako unayaweka kwenye zile safi. Zile mbovu unaziwekea sifuri, na mpokeaji anajua tangu mwanzo kwamba pale ni sifuri. Anaanza na anachokijua, anafumbua asichokijua, na kila alichokifumbua kinamsaidia kufumbua kinachofuata.

"Kwa hiyo mnakubaliana mapema mahali pa kutosema kitu," alisema mama mkwe.

"Ndiyo."

"Hata mimi na marehemu tulikuwa hivyo," mama alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Tatizo la mlimani lilikuwa kwamba nafasi iliyokuwa safi kwenye njia moja haikuwa safi kwenye nyingine, na anayetuma hawezi kujua leo ipi imeharibika. Ukiyapanga maneno kwa kutegemea redio, mvua inanyesha. Ukitegemea setilaiti, barafu inaganda. Bi Sifuri alijaribu kuipa kila njia msimbo wake peke yake, na kila mara njia moja ilipokufa ilizikwa na maneno yake. Akajaribu kurudia maneno yale yale kwenye njia zote tatu. Yakafika, lakini kwa mwendo wa kobe, na sauti ya mtu haiwezi kungojea mwendo wa kobe.

Aliyekuwa akimpimia kelele za njia ni fundi mmoja mrefu aliyeitwa Kelele, kwa jina la kazi yake na si la tabia, maana kwa siku alikuwa akisema maneno unayoweza kuyashika mkononi. Mchana mmoja wakila ofisini, Kelele alimsogezea michoro ya mwaka mzima.

"Angalia," alisema. "Mbili hazifi pamoja. Daima inakufa moja."

"Ipi?"

"Haijulikani."

Bi Sifuri aliacha kutafuna. "Basi sihitaji kujua ni ipi," alisema polepole, na Kelele akaona kwamba hakuwa akiongea naye tena.

Kazi ya miezi iliyofuata ilitoka kwenye sentensi hiyo. Zile nafasi zilizo safi njia ikiwa nzima lakini zinaoza njia ikiugua, hakuzijaza sifuri. Kwenye njia mbili aliweka maneno, na kwenye ya tatu akaweka jumla ya yale mawili. Hivyo yoyote itakayougua, mpokeaji anazisoma zile nzima mbili, anatoa au anajumlisha, anapata kilichopaswa kuwa kwenye ile mgonjwa, halafu anakitumia kuifumbulia ile mgonjwa yaliyobaki. Ni kama ndugu watatu walioshuhudia jambo moja: ukiwapata wawili, wa tatu hata akiwa hoi kitandani utajua angesema nini. Mkuu wa kitengo alitikisa kichwa wiki nyingi, na hesabu zilipokaa sawa akaacha kutikisa.

Masanduku ya mitambo yalipanda na gari la mizigo, na Kelele akapanda nayo kuyafunga. Aliporudi, uso umebabuka kwa jua na baridi, Bi Sifuri alimngoja mlangoni.

"Umemwonaje?"

Kelele alifikiri. "Mzima. Amekonda kidogo." Akafikiri tena. "Ni mtu wa kumwangalia sana mwenzake usoni."

"Ndivyo alivyo," Bi Sifuri alisema, ingawa hakukumbuka kwamba ndivyo alivyokuwa. Aliondoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi ya mwenzie, hajui aiweke wapi.

*

Siku ya majaribio mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, nzito, na redio ya minara ilikuwa imekufa kabisa. Mkuu alitaka kuahirisha. Bi Sifuri alisema siku kama hiyo ndiyo aliyoitaka. Alikuwa amemwalika mama mkwe, naye alikuja na kitenge kipya na mkoba mapajani, akakalishwa kiti cha mbele kama bibi harusi. Ilikuwa Ijumaa.

"Haloo," ilisema spika.

Hakuna aliyetikisika. Neno lilikuwa zima. Nyuma yake kulisikika pumzi, na nyuma ya pumzi kulisikika kiti kikilia, na upepo ukisugua bati. Miaka yote ile Bi Sifuri alikuwa ametamani sauti ile, na sasa ilikuwa chumbani, chini, polepole, na lile tabasamu limo ndani. Alitaka watu wote watoke.

"Baba'ngu," alisema mama mkwe, akiinamia kipaza sauti. Ndivyo alivyomwita mwanawe tangu utotoni, kwa kuwa kijana alirithi jina la babu. "Umeamkaje?"

"Mimi mzima, mama. Hapa baridi tu."

"Mwezi wa sita unakuja lini? Mwanzo au mwisho?"

"Chakula kipo, mama, usijali."

Watu wakacheka kidogo. Mama mkwe hakucheka. Akauliza tena, polepole zaidi. Sauti ikasema, "Eh, hata mimi nawasalimu wote."

Bi Sifuri alishika ukingo wa meza. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba amekosea: maneno yanashuka safi, lakini yanayopanda yanaharibika. Akamgeukia Kelele, ambaye alikuwa na skrini mbili mbele yake, moja ya kushuka na moja ya kupanda, zinazohesabu kila biti, chembe ndogo ya ujumbe, iliyofika imekosewa. Kelele alimgeuzia skrini ya pili. Hakukuwa na kosa hata moja.

"Njia ni safi," Kelele alisema kwa sauti ya chini. "Kwenda na kurudi."

Bi Sifuri aliielewa sentensi ile kipande kwa kipande. Mumewe alikuwa amepokea kila neno la mama yake, zima kama lilivyotoka kinywani. Lilifika mpaka kwenye sikio lake. Likaishia hapo.

Na yeye, huko juu, asijue kwamba leo anasikika vizuri, alisema alichokuwa akikisema kila Ijumaa. "Mama. Sijui kama safari hii mtanipata. Sitarudi mwezi wa sita. Msiningoje. Nimeshasema mara nyingi, lakini najua simu hii ilivyo."

Mama mkwe alibaki ameinama mbele ya kipaza sauti, mdomo wazi kidogo. Vipande viwili tu vya maneno vilikuwa vimepotea mwezi wa pili, "si" kimoja, "msi" kimoja, na juu ya pengo la vipande vile mama alikuwa amefua mapazia na kupaka dirisha rangi.

Mkuu wa kitengo, ambaye hakuelewa kitu, alianza kupiga makofi kwa ajili ya msimbo, na wengine wakafuata.

*

Walirudi nyumbani. Mama mkwe aliweka mkoba mezani, akakaa bila kuvua viatu.

"Hasikii," alisema.

"Hasikii, mama."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nadhani hata kabla hajaondoka." Maana sasa mambo yalikuwa yanamjia moja moja: jinsi mumewe alivyoanza kupandisha sauti ya redio, jinsi alivyoacha kumjibu akimwita kutoka jikoni, na yeye akanuna, akadhani amechokwa.

Mama mkwe alikuwa akizungusha pete kidoleni. "Nilidhani anakukimbia wewe," alisema. "Nilisema moyoni, huyu mke na hesabu zake amemfukuza mwanangu."

"Mimi nilidhani anakukimbia wewe, mama."

Walitazamana. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibaya kilichogeuka njiani kikawa kitu kingine, na Bi Sifuri akaenda kuketi sakafuni karibu na miguu yake, akaanza kumfungua viatu. Hawakuwahi kuwa hivyo.

"Nilimlea kabla hajajua kusikia neno," alisema mama. "Kwani nilishindwa? Nenda kamwambie hivyo."

Gari la mizigo lililofuata lilimpandisha Bi Sifuri, kwa kisingizio cha kukagua mitambo. Alifika jioni ametikiswa mpaka mifupa, na mumewe alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Alimkumbatia muda mrefu. Alikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Walipoachana akamwangalia usoni, machoni kidogo, mdomoni zaidi, na Bi Sifuri akaelewa maneno ya Kelele.

Hakumuuliza siku ile. Kesho yake asubuhi walitoka kusoma vipimo. Kulikuwa kweupe, ukungu umelala bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Mumewe aliinama mbele ya kisanduku cha vipimajoto, amempa mgongo, naye akasimama nyuma yake hatua chache. Akaongea. Hakuwa amepanga. Alimwambia mgongo ule kwamba amekuwa na hamu nao hata akawa anaona haya. Alimwambia alivyokuwa akishika kikombe alichokiacha bila kukinywea. Alimwambia kwamba alimchukia mwaka mzima, na kwamba chuki ile ilikuwa hamu iliyokosa pa kukaa. Mgongo haukugeuka. Upepo ulikuwa mdogo. Mtu yeyote angesikia.

Aliposimama wima na kugeuka, alimkuta mkewe analia, akajua.

"Tangu lini umejua?" aliuliza.

Bi Sifuri alimsogelea mpaka akawa mbele ya uso wake. "Tangu njia ilipokuwa safi."

Alitabasamu kwa uchungu. "Simu mbovu ilikuwa rafiki yangu wa mwisho, mwenzangu. Nikikosa neno, nasingizia laini. Wote wanaamini. Wewe ukaja ukaitengeneza."

Waliketi kwenye jiwe. Alimweleza kwamba ilianza sikio la kushoto, kisha la kulia likafuata polepole. Daktari alimwambia usikivu utazidi kushuka. Alipoona tangazo la kazi ya mlimani alilichukua, kwa sababu vipimo havihitaji kusikilizwa, vinasomwa kwa macho. "Ulinipendea sauti," alisema. "Nami nilikupendea sauti. Nilipoanza kutokuisikia, nilijiona kama nimekuibia kitu. Nikasema afadhali anikose nikiwa mbali, kuliko anikose nikiwa mezani naye."

"Nimekukosa kote," alisema Bi Sifuri. Alilazimika kulisema tena, kwa sababu alikuwa amelisema akitazama chini.

Kisha alimweleza yote aliyouambia mgongo, safari hii ana kwa ana, polepole. Haikuwa rahisi. Kuna maneno ambayo mtu huyasema vizuri akiwa haangaliwi mdomoni. Mara nyingine mumewe alikosa, akauliza, naye akarudia, na neno lililorudiwa mara tatu lilipoteza utamu wake wote likabaki maana tupu. Alitamani, pale jiweni, ile simu ya asubuhi ya miaka ile, mmoja akisoma upepo na mwingine akisikiliza bila kujua sura. Alijua haitarudi. Aliushika mkono wake ulio baridi, akauweka mfukoni mwake.

Alimpa na ujumbe wa mama. Mumewe aliufuata mdomoni mwake mpaka mwisho, kisha akavuta kofia ikamfunika macho.

Kituo hakikuweza kuachwa bila mtu. Idara iliahidi mpimaji mwingine mvua zikiisha, na mumewe aliandika mwenyewe kwamba atashuka, akakaguliwe masikio, aone kama kifaa kitamfaa. Njia ile mpya sasa ilikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha hata picha, kwa hiyo Ijumaa mumewe angemwona akiongea. Yote hayo yalikuwa mazuri. Hata hivyo asubuhi ya kushuka Bi Sifuri alikaa kiti cha mbele cha gari bila kufunga mlango, kwa maana alikuwa ameshaanza kumzoea tena.

Mumewe alisimama kwenye ukingo wa jabali, mikono mifukoni. Gari lilipofika kona ya kwanza, dereva alipeleka mkono kwenye honi ili waage.

"Usipige," alisema Bi Sifuri. "Punga mkono tu. Anaona."

Dereva akapunga. Bi Sifuri naye akatoa mkono wake nje ya dirisha kwenye baridi, akauacha huko, na yule mtu pale juu akainua wake, mpaka ukungu ulipopanda kati yao.